Sini tatu tu: ushauri kwa mwigizaji msaidizi wa Lubumbashi

Mlinzi wa geti, mama mwenye nyumba, mchungaji, karani wa mahakama, askari wa roulage (usalama barabarani): hawa ndio wahusika wanaopewa sini (maonyesho ya filamu) mbili au tatu, na mwigizaji wao mara nyingi hupigiwa simu siku chache tu kabla kamera haijawashwa. Mwigizaji mkuu ana saa nzima na zaidi ya kumzoesha mtazamaji. Wewe huna. Ukitokea mlangoni, mtazamaji aamini palepale kwamba mtu huyu alikuwa anaishi kabla hadithi haijaanza na ataendelea kuishi ikishakwisha.

Kwetu sisi njia ya kufika hapo ni moja: mjue mhusika kwa kazi ya mikono yake kwanza. Uso, sauti na machozi vitafuata. Waigizaji wengi wa hapa huanzia usoni. Wanakunja ndita, wanapaza sauti, na mhusika anatoka akifanana kabisa na yule waliyemcheza mwezi uliopita.

Mikono kabla ya uso

Chukua mbadilishaji pesa wa barabarani, mwenye kiti cha plastiki na meza iliyojaa mabunda ya faranga yaliyofungwa kwa mipira. Mwigizaji asiyemjua atalamba vidole na kuhesabu huku akimtazama mteja na kutabasamu. Mtazame wa kweli. Macho hayatoki kwenye pesa. Noti ya dola anaipapasa, anaivuta kidogo kwa mikono yote miwili, anaiinua kwenye mwanga na kufuata kingo zake akitafuta mpasuko. Mpasuko wa milimita chache unatosha noti irudishwe au ishushwe thamani. Noti ya dola moja mara nyingi haipokei kabisa. Ukimsemesha katikati ya bunda hajibu; anamaliza kwanza, anafunga mpira, ndipo anakugeukia.

Uigizaji wako uko hapo. Tuseme kwenye skripti inspekta anakuuliza kama umemwona kijana fulani, nawe unajibu: "Sijamwona." Ukijibu haraka huku ukimtazama machoni, ni jibu basi. Ukimaliza bunda kwanza, ukafunga mpira, ukasema "Sijamwona" huku mkono umeshavuta bunda la pili, mtazamaji anajua unaficha jambo, na hukuongeza hata neno moja kwenye maandishi ya mtu.

Namna ya kujizoeza: omba ruhusa, ukae na mtu wa kazi hiyo nusu siku, na umnunulie chakula cha mchana kwa sababu unamlia muda. Usimrekodi, pesa na kamera havipatani barabarani. Nyumbani kata karatasi mia moja za ukubwa wa noti, uzihesabu kila jioni huku ndugu yako anakusemesha habari nyingine, mpaka vidole viende vyenyewe. Ukishindwa kuzungumza na kuhesabu pamoja nyumbani, mbele ya kamera utashindwa zaidi, na kitakachoharibika kwanza ni maneno.

Mama anayesonga bukari (ugali) ni vivyo hivyo. Maji yachemke, uji uwe, kisha unga uongezwe na mwiko uanze kuwa mzito. Anayesonga bukari ya watu kumi hawezi kusema sentensi ndefu bila pumzi kukatika katikati. Mkatiko huo ni zawadi. Mwigizaji anayekoroga sufuria tupu kwa adabu huku anasema kwa utulivu anapoteza sini ambayo mwandishi alimwekea mezani. Mwombe mtu wa vifaa aweke unga wa kweli.

Wahusika wazee wanataka hesabu ya miaka, na hapa watu wanalegea sana. Ukipewa kucheza papa, yaani mzee, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mwenye miaka 70 leo, piga hesabu. Kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia ilitaifishwa mwaka 1967, akiwa bado mtoto shuleni. Yeye ameingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi walipoondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, alikuwa na miaka hamsini kasoro. Kumbe mtu huyu ameishi maisha ya saa za kazi, ya unga uliotolewa na kampuni, ya hospitali ya kampuni na shule ya kampuni, kisha akaishi miaka ishirini bila hivyo. Mwili wake unaonyesha. Shati limechomekwa hata akikaa nyumbani. Anatazama saa ingawa hana pa kwenda. Karatasi zake za kazi ziko ndani ya mfuko wa nailoni, zimekunjwa kwa mikunjo ileile ya siku zote. Chagua viwili kati ya hivyo, usichukue vyote. Mhusika wa sini tatu akibeba alama sita anakuwa kikaragosi.

Ukichagua kuchechemea, amua ni mguu upi na kwa nini, uandike kwenye daftari. Kuna wanaotia kokoto ndogo kwenye kiatu ili mguu wenyewe ukumbuke. Kosa la kawaida ni mguu kupona sini ya tatu.

Kila mtu na lugha yake

Mji huu unaongea lugha nne kabla ya saa sita mchana, na mwigizaji msaidizi ana faida hapo kuliko staa, kwa kuwa yeye ndiye anayeleta barabara ndani ya filamu. Mwanajeshi anaanza kwa Kilingala, hata kama anaelewa Kiswahili vizuri. Hakimu anasoma kwa Kifaransa. Mama wa soko la mtaa wetu wa Kenya anajibu kwa Kiswahili cha hapa, na bibi yake huenda anachanganya na Kibemba. Skripti nyingi zinaandikwa kwa Kifaransa, mwongozaji anakwambia "utaweka Kiswahili mwenyewe." Weka, lakini weka mapema: andika maneno yako, umsomee mwongozaji kabla ya siku ya kupiga, mkubaliane. Usitafsiri ukiwa umesimama mbele ya kamera.

Sauti ya mtu wa kwetu isafishwe kadiri hadithi inavyotaka, si zaidi. Mchimbaji wa Kawama akisema Kiswahili cha taarifa ya habari, watu wa mtaa wa Katuba wanacheka mahali pasipotakiwa. Kibemba kinafaa kwa sababu nyingine pia: Kasumbalesa, mji wa mpakani, haiko mbali, na upande wa pili wa mpaka Wazambia wanatengeneza tamthilia nyingi ambamo Kibemba kinasemwa kila siku.

Jambo moja tunalisema kwa uzito. Usimjenge mwizi, mjanja au mpumbavu kwa kuiga lafudhi ya Mkasai ili watu wacheke. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi katika mkoa huu, familia zikalala kwenye vituo vya reli zikisubiri treni. Ndani ya ukumbi wowote wa Lubumbashi kuna mtu anayekumbuka. Mwongozaji akitaka lafudhi hiyo, muulize mhusika anaihitaji kwa ajili gani. Kama jibu ni kicheko tu, mpe pendekezo lingine: pupa, tabia ya kutomaliza sentensi, mkono usiotulia.

Jukwaa na kamera

Wengi wetu tumetoka kwenye jukwaa au kwenye maigizo ya papo kwa papo. Urithi huo ni mkubwa. Kundi la Mufwankolo, lililojulikana Katanga nzima kwa maigizo ya Kiswahili cha Lubumbashi redioni na kwenye televisheni, lilikubaliana kwanza mwendo wa hadithi, kisha waigizaji wakatunga maneno yao wakiwa ndani ya mchezo. Anayeweza hivyo haogopi kitu.

Lakini filamu yenye kamera moja hupiga sini ileile mara nyingi kutoka pembe mbalimbali: picha pana kwanza, halafu ya kiunoni, halafu ya karibu ya huyu, halafu ya karibu ya yule. Mhariri ataunganisha sekunde tatu za teki (kila mara sini inapopigwa) ya kwanza na sekunde mbili za teki ya tisa. Ukitunga maneno mapya kila teki, hataweza kuunganisha, na njia yake rahisi ni kukukata wewe. Hapo hakuna chuki wala fitina. Ni meza ya uhariri. Kwa hiyo tunga kwenye mazoezi na kwenye teki ya kwanza ukiruhusiwa, kisha funga.

Sauti nayo. Kwenye ukumbi wa Halle de l'Étoile unamtumia sauti mtu wa safu ya mwisho. Kwenye kamera mtu wa safu ya mwisho ni kinasasauti kilichobandikwa kifuani mwako. Ongea kwa sauti ileile uliyompa fundi sauti wakati wa kupima. Ukinong'ona kwenye kupima na kufoka kwenye teki, sauti inapasuka na teki imekufa hata kama ulilia machozi ya kweli. Usijipige kifua. Mkufu, shanga na nguo ya nailoni vinasugua kinasa. Mwambie fundi mapema badala ya kumwacha agundue mwenyewe.

Mwendelezo: mahali kazi inapotoka au kuharibika

Kama una muda wa kujifunza jambo moja tu kabla ya kuitwa, jifunze hili: kila teki ilingane na iliyotangulia.

Kila tendo lifungwe kwenye neno. Ukinyanyua kikombe kwenye neno "mtoto" katika picha pana, kinyanyue kwenye neno "mtoto" hadi mwisho wa siku, kwa mkono uleule, na ukirudishe mahali palepale. Usifanye matendo mengi kwa sababu yote utayalipia. Matendo mawili yaliyofungwa vizuri kwenye maneno mawili yanatosha sini ya dakika moja na nusu. Anayekunywa, anayevua kofia, anayejipangusa jasho na kupiga simu ndani ya dakika hiyo anajitegea mtego.

Chakula ndicho kinachowaangusha wageni. Sini ya kula huweza kurudiwa mara kumi na tano. Ukikata tonge la kawaida la bukari na kuchovya kwenye sombe (kisamvu) kila teki, kufikia picha yako ya karibu umeshiba mpaka macho yamelegea. Kata tonge la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Lipeleke mdomoni wakati mwenzako anaongea, uwe umemeza kabla ya mstari wako. Omba chombo cha kutemea kiwekwe chini ya meza, na hakuna aibu. Mwambie pia mtu wa vifaa ahesabu sahani: chakula cha sini kipikwe cha teki nyingi, la sivyo kufikia saa kumi mnakula sombe ya rangi nyingine.

Alama ya kusimama ni utepe chini, wenye umbo la T. Kuitazama chini ukifika kunaonekana mara moja. Simama juu ya alama, urudi kinyumenyume ukisema mstari wako mpaka mahali unapoanzia, uhesabu hatua. Sasa ukija mbele kwa hatua hizohizo miguu itajua. Angalia vilevile kivuli chako kinaangukia wapi: ukiona uso wa mwigizaji mkuu umeingia giza, ni wewe umesimama kwenye taa yake. Sogea nusu hatua kabla hujaambiwa.

Katika picha ya karibu macho yanayorukaruka kati ya jicho la kulia na la kushoto la mwenzako huonekana kama wasiwasi. Chagua jicho moja lake, lile lililo karibu na kamera, ukae hapo.

Sini hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Asubuhi mnapiga sini ya 47, mchana sini ya 3. Chora jedwali dogo kwenye ukurasa mmoja: namba ya sini, siku na saa ndani ya hadithi, nguo, hali ya mwili, nimetoka wapi, na najua nini wakati huo. Safu hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote. Mlinzi wa geti ambaye kwenye sini ya 3 bado hajui bosi wake ameuawa, lakini tayari ana huzuni usoni kwa sababu asubuhi alicheza sini ya 47, ameharibu siri ya filamu nzima.

Nywele na ndevu usiziguse kuanzia picha ya kwanza hadi uambiwe kwamba umemaliza. Hata ukiambiwa umemaliza, uliza kama kuna sini za kurudia.

Hali ya hewa ya hapa ina tabia zake. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi ya kutoa moshi mdomoni na saa saba jua linachoma. Sini iliyoanza saa moja ikamalizika saa saba itakuonyesha unatetemeka na kutoka jasho ndani ya mazungumzo yaleyale. Vaa nguo ya joto chini ya vazi la mhusika kama haionekani, na mchana kaa kivulini kati ya teki na kitambaa cha kukausha. Usipanguse poda, ibonyeze tu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua ikigonga mabati hakuna sauti inayopatikana, na umeme ukikatika jenereta ya jirani inamaliza kilichobaki. Muda huo wa kusubiri usiulale wala usiumalize kwenye simu. Wewe ndiye wa mwisho kupigwa picha ya karibu, mara nyingi jua likiwa linaondoka na watu wamechoka, ukipewa teki mbili. Weka nguvu zako kwa ajili ya hizo mbili.

Na mwenzako akipigwa picha ya karibu, usiende kukaa. Simama nyuma ya kamera umpe mistari yake kwa moyo uleule. Waongozaji wanaliona hilo, na waigizaji wakuu ndio wanaosema "mwiteni yule papa tena."

Sare na silaha za bandia

Hapa ni kwa ufupi kwa sababu hakuna mjadala. Sare ya jeshi au polisi inavaliwa kwenye eneo la kupigia, inavuliwa palepale. Usipande manseba (pikipiki ya abiria) umeivaa, hata kwa dakika tano, hata chini ya koti. Bunduki ya bandia haitoki mikononi mwa mtu wa vifaa isipokuwa kwa teki. Muulize mtayarishaji nakala ya barua ya ruhusa, uione kwa macho.

Video ya usaili

Simu iwekwe mlalo, kamera usawa wa macho, ikiegemea kitu kisichotikisika. Fremu ianzie kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Kaa ukielekea dirishani, ukuta nyuma yako uwe wa rangi moja. Shati lisiwe jeupe sana wala la mistari myembamba, kwa maana mistari hiyo hucheza kwenye picha, na lisiwe na nembo. Anayekusomea mistari ya mwenzako akae karibu kabisa na simu, asome taratibu kuliko wewe, vinginevyo tutasikia yeye. Usiitazame kamera isipokuwa pale unapotaja jina, urefu, mji na lugha unazozijua. Piga mara mbili tofauti kweli: moja ulivyoelewa, nyingine ukimpa mhusika nia iliyo kinyume.

Ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa na uso unakuwa uji. Itume kama hati, ipe jina lenye jina lako na la mhusika. Watu wanapoteza nafasi kwa faili linaloitwa "video mpya 2."

Pesa na karatasi

Usikubali kiasi cha jumla kabla hujauliza siku. Siku za kupiga ni ngapi, za kujaribu nguo ni ngapi, za kusubiri ukiwa umeitwa ni ngapi, na siku ikizidi saa mlizokubaliana inahesabiwaje? Usafiri wa kurudi usiku ni wa nani? Malipo ni kwa dola au kwa faranga, na kama ni faranga ni kwa kiwango cha siku gani? Nusu ilipwe kabla au siku ya kwanza. Nafasi ndogo ndiyo inayosahaulika kulipwa filamu ikishakwisha, kwa sababu hamna tena kitu wanachokudai.

Karatasi iandike pia picha yako itatumika wapi: sinema, televisheni, intaneti, tangazo. Tangazo ni malipo tofauti. Sini ya filamu isigeuzwe kuwa tangazo la bia bila wewe kusaini. Sheria inakutambua: amri yenye nguvu ya sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi pamoja na haki za wasanii wanaoigiza. Kama hakuna mkataba, andika ujumbe wenye mambo hayo yote, mtume mtayarishaji, na usiende mpaka ajibu "sawa." Akiwa mdogo kwako kwa umri au ndugu wa mtaani, andika hivyohivyo kwa heshima, heshima haizuii karatasi.

Kazi nyingine usiiache. Ualimu, ushonaji na biashara ya asubuhi vinakufaa mara mbili, kwa mkate na kwa mikono tuliyoizungumzia. Nafasi hizi hukomaa na umri. Sotigui Kouyaté wa Burkina Faso alikaa miaka mingi akicheza wazee na wenye hekima, jukwaani na kwenye filamu, na alipopewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume Berlin mwaka 2009 alikuwa na miaka 72. Huko Marekani, tuzo ya Akademi (Oscar) ya mwigizaji msaidizi ilianza na filamu za mwaka 1936, na Walter Brennan, wa kwanza kuipata upande wa wanaume, aliipata mara tatu ndani ya miaka mitano akicheza vizee akiwa mwenyewe na miaka arobaini na kidogo.

Ukirudiwa kuitwa mwanajeshi mara nne mfululizo, ya tano ikubali kwa sharti: omba mhusika apewe sini moja ambayo hana sare. Mara nyingi mwandishi anakubali, maana sini hiyo haimgharimu kitu.

Filamu ikishakwisha, mwombe mtayarishaji vipande vyako vya kuonyesha kazi. Atakataa kabla haijaonyeshwa hadharani, na ana haki. Muulize tarehe, uiandike, umkumbushe siku hiyo. Vipande vyote pamoja visizidi dakika mbili, sini yenye mikono kazini itangulie, na muziki usiwekwe juu yake.